Kuinua Kwanza, Kushusha Baadaye

Jumatatu, 2 Septemba

Bosi amerudi kutoka semina. Siku tatu tu, karudi mtu mwingine! Raba nyeupe chini ya suti. Kwapani mfuko wa vikaratasi vya rangi, njano, waridi, kijani, vile vyenye gundi mgongoni. Nikadhani kawanunulia watoto wake. Kumbe watoto ni sisi.

Ametukusanya idara nzima ya mafunzo. Watu watano: mimi mwandishi wa kozi, Mchoraji, fundi wa video, na wale wawili wa kompyuta. Kuanzia leo, kasema, mwendo wa konokono basi. Tunaingia ajaili.

"Ajali?" kauliza fundi wa video.

Ajaili! Akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akalipigia mstari mara mbili. Maana yake wepesi. Kozi inakatwa vipande. Kila kipande wiki moja, ndiyo sprinti, yaani mbio fupi. Kila Ijumaa mteja anaondoka na kitu mkononi. Hakuna kusubiri mpaka kozi nzima iive.

Na mteja wa kwanza yupo tayari. Hospitali. Wamenunua mashine kumi na nne za kuinulia wagonjwa wasiojiweza, wahudumu wapumzishe migongo. Watu arobaini wa kufundishwa. Mashine zinaanza kazi Jumatatu ya tarehe 30. Wiki nne!

Kozi yangu ya mwisho, ya usalama wa ghala la kemikali, ilinichukua miezi minane. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Ina faharasa.

Jioni nimemwambia mume wangu kazini kumeingia ajaili. Akaweka kijiko chini. Ajali? Nani kaumia?

Nikamwambia bado.

Jumanne, 3 Septemba

Tumeletewa Kocha. Kijana mrefu, mwembamba, saa ya kuhesabia sekunde shingoni, mpira wa tenisi mkononi. Miaka mitatu amefundisha ajaili kwa watengeneza programu za simu. Hospitali anaijua kwa nje. Ana adabu lakini, hilo nimpe. Ameniamkia vizuri, ananiita mama.

Kila asubuhi, kikao cha kusimama. Robo saa, hakuna kukaa. Anayeshika mpira ndiye anayesema, na anajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwaza.

Mpira ukanifikia. Nikasema kinachonikwaza ni goti.

Wenzangu wakacheka. Kocha hakucheka. Akaandika GOTI kwenye karatasi ya waridi, akalibandika ubaoni chini ya "Vikwazo".

Kikao cha robo saa kimechukua dakika hamsini na tano. Ishirini kati ya hizo Kocha alikuwa anatueleza kwa nini kikao lazima kiwe kifupi.

Alhamisi, 5 Septemba

Hatuandiki tena malengo ya somo. Eti malengo ya somo yamepitwa na wakati. Miaka kumi na moja nayaandika, na kabla ya hapo miaka tisa darasani! Sasa tunaandika hadithi za mtumiaji. Zina mtindo wake: Mimi kama fulani, nataka kitu fulani, ili nipate faida fulani.

Mchoraji kaandika: Mimi kama mhudumu, nataka kumwinua mgonjwa kwa mashine, ili mgongo wangu usivunjike. Makofi. Imebandikwa.

Mimi nikaandika: Mimi kama mgonjwa, nataka kushushwa, ili nisibaki hewani.

Kocha akaishika karatasi yangu kwa vidole viwili. Taratibu tu akanieleza kwamba mgonjwa si mtumiaji. Mtumiaji ni yule anayebonyeza.

"Na anayening'inia?"

Akafikiri. Kweli akafikiri, nilimwona.

"Huyo ni mdau, mama."

Kisha kupima uzito wa kazi kwa kadi za namba. Kila mtu anatoa kadi yake, tunapatana. Kuinua: tano. Medali za kidijitali kwa watakaofaulu, wazo la Bosi: tatu. Kushusha nikapima vizuri, maana nimesoma kitabu cha maelekezo ya mashine neno kwa neno, ikatoka kumi na tatu. Kumbe zaidi ya nane ni kosa! Kitu kizito hivyo hakiingii kwenye sprinti ya kwanza. Kimesukumwa mpaka ya tatu.

Kwa hiyo mpango ni huu. Sprinti ya kwanza, kuinua. Ya pili, medali. Ya tatu, kushusha.

Nilisema, nisikilizwe: mtu akiinuliwa hana budi kushuka. Bosi akasema nisiwe na fikra za kobe.

Jumapili, 8 Septemba

Nimebandika ubao nyumbani, kwenye mlango wa friji. Ya Kufanya. Inafanyika. Imekwisha. Nimeandika "bomba la jikoni", maana linavuja tangu Juni, na mume wangu ndiye fundi bomba wa mtaa mzima. Akakisoma kikaratasi kwa makini, akakihamisha kwenye Inafanyika, akarudi kwenye kochi.

Nikamsimulia ya kazini. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Yaani mimi nikufungie bomba linalofunguka tu. La kufunga nikuletee wiki ya tatu?"

Ndiyo.

"Na wewe unilipe?"

Na nikupe medali.

Kacheka mpaka kapaliwa. Bomba bado linavuja.

Ijumaa, 13 Septemba

Maonyesho ya sprinti ya kwanza. Pamejaa watu! Mpaka wahasibu wamekuja, kwa sababu ya sambusa... hapana, biskuti tu. Biskuti na soda.

Somo la kuinua limetoka zuri, lazima niseme ukweli. Dakika nane. Mchoraji kajua kuchora: mgonjwa ana uso wa mtu kweli, si yule mwanasesere wetu wa siku zote. Kile kitambaa kinachomshika mgonjwa wahudumu wanakiita mbeleko, na sisi tukakiita hivyohivyo. Wazo la Kocha. Mimi nilikuwa nimeandika "kishikizi-nguo cha mwili". Nilikuwa najivunia.

Kwa upande wa hospitali amekuja Sista Mkuu wa wodi. Mama wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani, haongei bila kazi. Kaitazama video mara mbili. Kisha: "Na kushusha?"

Bosi akasema kushusha kuko njiani.

"Njiani wapi?"

Sprinti ya tatu, akasema Bosi, akitabasamu kama aliyemwambia kuna keki.

Sista akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema Jumatatu twende wodini tukajaribu na wahudumu wenyewe. Bosi ana mkutano. Kocha akaruka juu: ndiyo hasa ajaili yenyewe! Kukaa na mtumiaji! Mama, twende wote.

Nikagundua sijawahi. Miaka kumi na moja naandika kozi, sijawahi kukaa karibu na mtu anayeisoma.

Jumatatu, 16 Septemba

Niandike yote kabla sijasahau. Ingawa sitasahau.

Wodi Nne. Kitanda kitupu dirishani, mashine mpya pembeni yake, bado ina nailoni miguuni. Wahudumu sita. Anayewaongoza ni mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mikono minene, anaongea haraka, wanamwita Dada wa Nne. Sista Mkuu kaegemea ukuta na daftari lake.

Wakaitazama video kwenye simu ya Dada wa Nne. Nikawa naangalia nyuso. Vizuri, vizuri. Kisha Sista akasema sasa mfanye. Nani alale?

Kocha kashajilaza! Viatu kavua, saa kavua. Mtumiaji kwanza, anasema, lazima tuonje wenyewe. Wakampitishia mbeleko, wakatundika zile kamba nne. Dada wa Nne akabonyeza kishale cha juu. Kocha akapanda. Polepole, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, makalio, mpaka akawa hewani amejikunja kama mtoto mchanga mwenye ndevu. Wahudumu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Somo limefanya kazi!

"Haya," akasema Sista. "Mshusheni."

Hapo ndipo.

Wahudumu wakatazamana. Dada wa Nne akaangalia simu, akarudisha video mwanzo, akaipeleka mwisho. Video inaishia mgonjwa akiwa juu, anatabasamu. Mmoja wao, katika kutafuta, akabonyeza kile kitufe kikubwa chekundu. Ni chekundu, ni kikubwa, ungedhani ndicho. Mashine ikafa. Kishale cha juu hakuna, cha chini hakuna. Kocha tu anazunguka kidogo kidogo, sasa anatazama dirisha, sasa anatazama mlango.

"Mama," akasema. "Hii ni sehemu ya sprinti ya tatu?"

Kile chekundu ni cha dharura. Ukikibonyeza kinafunga kila kitu, na ili kifunguke lazima ukizungushe kwa kulia mpaka kiruke. Nilikuwa nalijua hilo. Niliwahi kulisoma, ukurasa wa sitini na kitu! Nikasema kwa sauti kubwa, tena kwa uhakika: "Rejesha swichi ya usitishaji katika hali yake ya awali!"

Wote sita wakanigeukia kama niliyepiga chafya kanisani.

"Ndio kufanyaje?" kauliza Dada wa Nne.

Na mimi, mwandishi wa kozi, mbele ya mtu anayening'inia, nikakosa neno. Nikabaki nazungusha mkono hewani. Dada wa Nne akautazama mkono wangu, akakishika kitufe, akakizungusha. Tak! Taa ikawaka. Akabonyeza kishale cha chini, Kocha akaanza kushuka, wahudumu wakashangilia, na hapo likaja la pili. Mgonjwa akishagusa godoro, kile chuma cha juu kinachobeba kamba hakisimami. Kinaendelea kushuka. Kinamfuata usoni. Mtu wa pili lazima akizuie kwa mkono, na hakuna aliyejua.

Kimemgonga hapa kwenye paji. Si sana. Nundu kama nusu ya limau.

Dakika ishirini na sita alikaa juu. Sista Mkuu alikuwa anahesabu.

Tukiwa tunatoka nikamuuliza vipi. Akasema salama. Tukafika kwenye ngazi, akasimama, akashika ukuta. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, kwamba pale juu hakuogopa kuanguka. Aliogopa kwamba kila mtu mle chumbani anamwangalia yeye na hakuna anayejua la kufanya.

"Na mimi ni mzima," kasema. "Nina miguu."

Jumanne, 17 Septemba

Kikao cha kujitazama nyuma. Karatasi za kijani kwa yaliyotufurahisha, waridi kwa yaliyotuudhi, njano kwa tuliyojifunza. Kocha kaendesha akiwa na plasta usoni.

Nikaweka waridi moja: KUSHUSHA KUJE SASA HIVI.

Kocha akasema naunga mkono. Kweli, alisema! Lakini Bosi kashamwahidi mkurugenzi wa hospitali medali, na sprinti ikishafungwa haifunguliwi, ndiyo kanuni. Nani kaleta kanuni? Kocha. Unaweza kuona mtu akisongwa na karatasi zake mwenyewe.

Bosi kafunga mjadala kwa kusema ajali ya jana ni ushindi, maana tumejifunza mapema. Nikamuuliza ikitokea tarehe 30 kwa mgonjwa aliyepooza, huo nao utakuwa ushindi? Akasema tubaki na mtazamo chanya.

Kuinua kumehamishiwa Imekwisha. Goti langu bado liko Vikwazo.

Jumatano, 18 Septemba

Nimerudi Wodi Nne peke yangu, wakati wa chakula cha mchana. Nimebeba rasimu ya somo la kushusha, kurasa thelathini na nane. Dada wa Nne alikuwa anakunja mashuka. Akafuta mikono, akachukua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti. Anasoma vizuri. Akafika kwenye "kabla ya kuanza zoezi la ushushaji, mhudumu ahakikishe uthabiti wa mhimili".

Akaniangalia.

"Mwalimu, samahani. Nyie huwa mnamwandikia nani?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Ndiyo maana limeniingia. Nimelibeba mpaka nyumbani kama mfuko wa mchanga. Nimemwandikia nani miaka yote hii? Nimewaandikia wakaguzi. Nimemwandikia Bosi aliyetangulia, aliyependa kurasa nyingi. Yale mambo ya ghala la kemikali, yupo mtu hata mmoja pale ghalani aliyefika kwenye faharasa?

Nilikuwa namcheka Kocha. Yeye angalau kaingia mwenyewe kwenye mbeleko.

Ijumaa, 20 Septemba

Maonyesho ya pili. Medali. Inazunguka, inametameta, inatoa muziki. Bosi kaangalia mara nne. Sista Mkuu hakuja, katuma salamu kwamba ana wagonjwa.

Jumatatu, 23 Septemba

Jambo limetokea, halipo ubaoni.

Baada ya kikao cha asubuhi Kocha akanifuata jikoni. Akafunga mlango. Akaniuliza kurasa thelathini na nane ningeweza kuzifanya ngapi, kama ningelazimika. Nikamwambia nimeshazifanya moja. Nikamwonyesha.

Mambo manne tu. Picha nne, maneno machache chini ya kila moja. Kitufe chekundu kikibonyezwa, kizungushe kulia. Mmoja anabonyeza, mmoja anashika chuma. Ukimshusha kwenye kiti, wa pili avute mbeleko nyuma, mgonjwa akae kwa makalio asikae kwa mgongo. Mwambie mgonjwa unachofanya kabla hujakifanya.

Hilo la nne ni la Dada wa Nne. Mimi sikulifikiria.

Kocha akaisoma, akagusa plasta yake. Akamwita Mchoraji. Picha zilikuwa tayari saa nane mchana, kwa penseli tu. Saa tisa tulikuwa wodini. Tukamlaza mmoja, tukamwinua, tukamshusha. Picha ya tatu hawakuielewa. Mchoraji akafuta palepale, akachora upya juu ya kabati la dawa. Mara ya pili wakaelewa. Dada wa Nne kamshusha mwenzake kwenye kiti taratibu kama anayeweka yai.

Watu watatu leo. Kila mmoja kashusha kwa mkono wake. Wamebaki thelathini na saba, na wako kwenye zamu tatu tofauti.

Tukiwa njiani nikamwambia Kocha: hiki tulichofanya leo, ndicho ajaili yenyewe, siyo?

Akasema nadhani ndicho, mama. Lakini hatuna karatasi yake.

Jumatano, 25 Septemba

Saba jumla. Goti limevimba. Mume wangu kalifunga bandeji bila kuulizwa, kisha katoa mkobani mwangu kikaratasi cha GOTI, nilichokibandua ubaoni kazini, kakibandika kwenye friji chini ya Inafanyika. Nimecheka mpaka machozi.

Alhamisi, 26 Septemba

Kumi na mmoja. Halafu Bosi kajua.

Aliniita ofisini. Alianza kwa upole. Kasikia natoka kazini mchana kila siku. Nikamweleza. Akasema kazi isiyo ubaoni haipo. Ipo, nikasema, nimeiona kwa macho, kuna watu kumi na mmoja wanajua kushusha. Akasema tatizo si hilo: kushusha kumeshakwisha.

Kumekwisha vipi?

Akanigeuzia kompyuta. Fundi wa video kapewa agizo jana. Somo la kushusha, dakika nane. Nikaitazama... Ni ile ya kuinua. Wameirudisha nyuma! Mgonjwa anashuka, sawa. Mhudumu anavua kamba, sawa. Kisha anatembea kinyumenyume mpaka mlangoni, na mlango unamfungukia mgongoni. Chini wameandika: Kushusha ni kuinua kinyumenyume.

"Na chuma?" nikasema. "Chuma kinachomfuata mtu usoni? Kitufe chekundu? Kwenye kuinua hayo hayamo. Ukiyarudisha nyuma unapata nini?"

Akasema hayo ni maboresho, yatakuja baadaye. Akanionyesha idadi: waliohitimu, arobaini kati ya arobaini. Wote wamepata medali. Nikauliza wamehitimu lini, wengine sijawahi hata kuwaona. Akasema mfumo unamhesabu mtu akishafungua video.

Kufungua tu?

Kufungua tu.

Kesho makabidhiano, hospitalini, mkurugenzi wao atakuwepo. Kuna fomu ya kusema wahudumu wote wameiva. Inasainiwa na mwandishi wa kozi. Ndiyo mimi. Akanisogezea leo, nimalize mapema. Nikamwambia kalamu yangu iko kwenye meza yangu. Nikatoka, nikapitiliza mpaka nyumbani.

Mume wangu kasema usisaini. Kasema hivyo tu, wala hakuinua macho kwenye sahani. Kisha baada ya muda: lakini ukifukuzwa uniambie kabla hujaja, nisishtuke.

Ijumaa, 27 Septemba

Naandika hapahapa hospitalini, kwenye benchi la korido, mgongoni mwa ratiba ya sherehe. Daftari langu nimeliacha nyumbani.

Ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza. Wahudumu wote arobaini wamepangwa kwenye viti, sare safi. Mkurugenzi mbele. Mashine moja katikati imefungwa utepe, kitanda pembeni. Bosi kaongea. Wepesi, kasi, asilimia mia moja. Medali ikazunguka ukutani na muziki wake.

Kisha fomu. Ikaja mpaka kwangu. Chumba kizima kinanitazama, na Kocha yuko kando yangu, plasta imetoka lakini alama ipo.

Nikasimama. Nikasema: nimewaona kumi na mmoja wakishusha. Ishirini na tisa sijawaona. Siwezi kusaini kwa watu ambao sijawaona.

Bosi akacheka, akamwambia mkurugenzi kwamba huyu ni mwalimu wa zamani, anapenda mitihani. Kocha akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mama anasema kweli, akasema, mimi ndiye niliyening'inia.

Mkurugenzi kakunja uso, kaangalia saa. Hataki kuahirisha, mashine zimeshatangazwa. Akamuuliza Sista Mkuu, yeye anaonaje?

Sista akavaa miwani yake. Akasoma ile fomu yote, mstari kwa mstari, kila mtu akisubiri. Akasema ni rahisi. Hapa pana watu arobaini na wote wameiva, imeandikwa. Atachagua wawili yeye mwenyewe, bila kutazama majina. Wamwinue mtu, wamshushe kwenye kiti. Wakiweza, atasaini hata yeye. Wasipoweza, mashine zinabaki na nailoni zake mpaka wajue.

Nani alale? Kocha akaanza kuvua saa. Sista akamzuia kwa kidole kimoja.

"Wewe tumeshakujaribu. Bosi wako."

Hakuna aliyecheka. Bosi akasema bila shaka, kwa furaha kabisa. Akasema heshima kubwa. Sista kasema basi watu wanywe chai dakika kumi, utepe utolewe.

Dakika sita zimepita. Dada wa Nne kapita hapa na kikombe, kanigusa bega. Wale ishirini na tisa wamekusanyika dirishani. Mmoja ana ile karatasi yetu ya picha nne, sijui kaitoa wapi, na wengine wanaichungulia juu ya mabega yake.

Na sasa hivi Bosi amekuja kwenye benchi hili. Kakaa karibu, karibu sana, nimelazimika kufunika karatasi kwa mkono. Amevua koti. Amevua tai. Anafungua mkanda, maana umewahi kusikia chuma kikikwama kwenye mkanda, kasema, halafu hakumaliza. Anaangalia kule dirishani. Jasho kwenye mdomo wa juu.

Kaniinamia sikioni.

"Mwalimu," kasema. "Wale kumi na mmoja. Ni akina nani?"